Namna ya Kuchagua Chembe za Kupiga Mchanga Bodi ya Gari

Gari kuukuu linapoletwa gereji likiwa na rangi tabaka juu ya tabaka, puti iliyopasuka na kutu inayochungulia kwenye mikunjo ya milango, mwenye gari huuliza kama linaweza kupigwa mchanga, yaani kupulizwa chembe ngumu au laini kwa nguvu ya hewa ya kompresa, hadi libaki chuma kitupu. Linaweza, na kazi ambayo kwa msasa na brashi ya waya ingechukua siku kadhaa humalizika kwa saa chache. Hata hivyo, boneti nyingi zimeingia kwenye kazi hiyo zikiwa na rangi mbovu tu, zikatoka zikiwa safi lakini zimeumuka kama andazi, na kutoka hapo hakuna nyundo wala puti inayozirudisha kirahisi. Mashine ileile, kompresa ileile na fundi yuleyule wanaweza kutoa matokeo mawili yaliyo mbali kabisa kwa sababu ya chembe zilizotiwa kwenye tangi. Mwongozo huu unahusu uchaguzi wa chembe hizo, nao umesimama juu ya rai moja: chembe huchaguliwa kwa kuangalia bati litakalobaki, kabla ya kuangalia rangi itakayotoka.

Anza na bati lenyewe

Bati la nje la magari mengi ya leo lina unene wa milimita 0.7 hadi 0.8. La magari ya miaka ya 1960 na 1970 aghalabu hukaribia milimita 1, ilhali chasisi huwa na milimita 2 na kuendelea. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini fundi aliyezoea kusafisha chasisi za malori na matangi ya mafuta, kazi aliyoifanya miaka mingi bila lawama, anaweza kuharibu paa la gari dogo kwa muda wa dakika moja.

Mafundi wengi huamini kwamba bati hupinda kwa sababu ya joto. Joto lipo, lakini ni dogo, na hewa inayotoka kwenye nozeli (mdomo wa hozi) yenyewe hulipunguza. Kinachopinda bati ni kipigo. Kila chembe inapogonga huacha kishimo kidogo mno na kukisukuma chuma cha juu kitanuke pembeni. Vishimo hivyo vikishajaa upande mmoja, uso wa juu wa bati hudai eneo kubwa kuliko upande wa chini ambao haukuguswa, na bati hujitafutia nafasi kwa kujikunja, uso uliopigwa ukijitokeza nje. Kwa hiyo kumwagia bati maji, au kusimama kila baada ya muda ili lipoe, hakusaidii kitu ikiwa chembe ni nzito mno kwa bati hilo.

Katika miaka ya 1940 mhandisi John Almen wa General Motors, nchini Marekani, aliitumia tabia hii kutengeneza kipimo ambacho viwanda vinakitegemea hadi leo. Ukanda wa chuma cha springi hufungwa kwa skrubu juu ya kipande kinene cha chuma, hupigwa kwa vigololi vidogo, kisha hufunguliwa na kupimwa umejikunja kiasi gani. Kati ya kanda tatu za kipimo hicho, ile nyembamba kuliko zote ina unene wa takriban milimita 0.79, ambao ndio unene wa boneti ya kawaida.

Fundi wa gereji anaweza kuiga kipimo hicho bila gharama yoyote. Kata ukanda wa bati kwenye mlango wa gari chakavu wenye unene sawa na wa gari unaloshughulikia, upana wake uwe sentimita 4 na urefu sentimita 15. Tumia diski nyembamba ya grinda, kwa maana mkasi wa bati huupinda ukanda kabla kazi haijaanza. Uulaze juu ya kioo kuhakikisha kwamba umenyooka, kisha uufunge kwa skrubu nne kwenye chuma kinene. Upige kwa chembe, presha na umbali uleule uliokusudia kuutumia kwenye gari, mpaka rangi iishe, halafu ufungue skrubu na kuurudisha juu ya kioo, uso uliopigwa ukiwa juu. Ukilala bapa, endelea na kazi. Ukiinuka katikati kiasi cha kupitisha ukucha chini yake, chembe hiyo isisogezwe karibu na boneti, paa wala katikati ya mlango, kwa sababu sehemu hizo ni pana, bapa na hazina kitu cha kuzishikilia kwa nyuma. Kingo, kona na mikunjo iliyochongwa kiwandani hustahimili zaidi, kwa kuwa umbo lake ni sawa na mbavu zinazolikaza bati.

Baada ya unene, tambua aina ya metali, na sumaku ndogo inatosha kwa kazi hiyo. Land Rover za muundo wa zamani, tangu zile za kwanza za mwaka 1948 hadi Defender, zina bodi ya aloi ya alumini juu ya chasisi ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na abiria kwa kawaida ni wa chuma pia, hivyo gari moja linadai maamuzi mawili. Alumini haipaswi kuguswa na chembe za chuma, wala na chembe zozote zilizokwisha kutumika kwenye chuma chenye kutu. Vumbi la chuma hujichomeka ndani ya alumini iliyo laini, na unyevu ukipenya, metali hizo mbili huanza kulana chini ya rangi mpya hadi malengelenge yatokee juu.

Magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990, yakiwamo mengi ya yale yanayoingia kutoka Japani yakiwa yametumika, yana tabaka la zinki lililopakwa kiwandani kuzuia kutu. Tabaka hilo mara nyingi halizidi mikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, kwa kila upande. Chembe ngumu hulifuta pamoja na rangi, na mwenye gari hulipia kuondolewa kwa kinga bora kuliko ile atakayowekewa badala yake. Kwa gari la namna hiyo ambalo halina kutu, tumia chembe laini, au uridhike na msasa.

Rangi, puti au kutu?

Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima, yaani rangi ya msingi, hadi vanishi ya juu, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Haihitaji nguvu nyingi. Puti ni habari nyingine, kwani inaweza kufikia milimita kadhaa, na chembe laini huigonga na kurudi bila kuila. Ni vyema kuiondoa kwanza kwa grinda au kwa kuipasha moto na kuikwangua, kuliko kung'ang'ania kuipulizia mpaka bati linaloizunguka lipinde.

Kutu ndiyo inayowachanganya watu. Chembe laini zinazosifiwa kwa kutodhuru bati, kama soda, plastiki na magunzi, hazitoi kutu iliyokwisha kuota mizizi kwenye vishimo. Zitaondoa rangi na kuiacha kutu pale pale, ikiwa kahawia na imesafishika vizuri. Kwa hiyo gari zima huhitaji chembe za aina mbili: laini kwa sehemu pana zenye rangi tu, na ngumu lakini ndogo kwa madoa ya kutu, mikunjo ya ndani ya milango, vizingiti vya chini na sehemu za madigadi zinazopokea matope. Fundi anayekuahidi kumaliza gari lote kwa mfuko mmoja wa chembe aulizwe maswali zaidi.

Sifa tatu za chembe

Ugumu, umbo na ukubwa ndivyo vinavyoamua. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Mohs kinachofikia 10, ambayo ni almasi. Soda ina 2.5, plastiki na maganda ya jozi 3 hadi 4, kioo kilichosagwa kati ya 5 na 6, ganeti, aina ya jiwe, karibu 7, na oksidi ya alumini 9. Umbo lenye kona hukata, ilhali umbo la duara hugonga na kutanua, ndiyo maana vigololi vya chuma, ambavyo baadhi ya karakana hutumia kwa kuwa vinarudiwa mara nyingi, ni chaguo baya kuliko yote kwa bati la bodi.

Ukubwa ndio unaopuuzwa kuliko sifa zote. Chembe yenye kipenyo maradufu ina uzito mara nane, na kwa mwendo uleule hugonga kwa nguvu mara nane. Kutokana na hilo, chembe ngumu lakini ndogo huweza kuwa salama zaidi kwa bati jembamba kuliko chembe ya ugumu wa wastani iliyo kubwa. Mifukoni ukubwa huandikwa kwa namba za meshi, na namba ikipanda chembe hupungua: meshi 30 ni kama milimita 0.6, meshi 80 ni kama milimita 0.18. Kwa bati la bodi, chembe ngumu ziwe za meshi 80 au ndogo zaidi, yaani namba isishuke chini ya 80.

Mchanga wa mto na wa pwani

Inafaa kuanza na chembe isiyopaswa kutumiwa, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na ya bei nafuu. Mchanga mwingi wa mto ni silika. Unapogonga bati hupasuka kuwa vumbi laini ambalo jicho halilioni, na vumbi hilo hufika ndani kabisa ya mapafu na kuyaacha na makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na humfungulia mlango mgonjwa kupata kifua kikuu. Uingereza ilipiga marufuku upulizaji wa mchanga wa silika kwa kanuni za mwaka 1949, na mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya fuwele katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa kilichofungwa puani, au barakoa ya hospitali, havizuii vumbi hilo. Halafu vumbi halimchagui fundi peke yake: mama lishe aliye upande wa pili wa ukuta wa mabati hulivuta vilevile.

Mchanga wa pwani huongeza ubaya wa pili. Hata ukioshwa na kuanikwa hubaki na chumvi, na chumvi hiyo ikisukumwa ndani ya vinyweleo vya chuma huanzisha kutu chini ya praima. Gari linalopigwa kwa mchanga wa ufukweni Tanga au Mombasa linapandiwa mbegu za kutu siku ileile linapooshwa kutu.

Soda

Soda inayopulizwa ni baikaboneti ileile ya kuumulia mikate, ila fuwele zake ni kubwa zaidi, takriban milimita 0.2 hadi 0.3, na huchanganywa na kitu cha kuifanya isigandamane. Ya jikoni ni laini mno. Huziba hozi na nguvu yake ni ndogo. Fuwele ya soda inapogonga hupasuka, na kupasuka huko ndiko kunakoing'oa rangi bila kulichimba bati. Sanamu ya Uhuru ya New York, ilipokarabatiwa kabla ya kutimiza miaka 100 mwaka 1986, iliondolewa lami iliyopakwa ndani kwa njia hii, kwa sababu ngozi yake ya shaba ina unene wa milimita 2.4 tu na hakuna aliyetaka kuikwaruza.

Kwa boneti, paa na alumini ya Land Rover, soda ni salama sana. Huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo inayojificha ndani ya mikunjo ya mlango inaweza kuoshwa ikatoka, jambo lisilowezekana kwa ganeti wala kioo. Madhaifu yake ni matatu. Haitoi kutu. Huacha bati likiwa laini mno kiasi kwamba rangi haina pa kushika, hivyo msasa namba 80 hadi 180 ni lazima upite kabla ya praima. Tena huacha ukungu wa chumvichumvi wenye ubesi (kinyume cha asidi), na praima ya epoksi ikipakwa juu yake hubanduka vipande vipande baada ya miezi michache. Osha kwa maji mengi ya uvuguvugu yaliyotiwa siki kidogo, suuza kwa maji safi, kausha mara moja kwa hewa ya kompresa, kisha futa kwa kiyeyushio.

Soda hii isichanganywe na magadi. Magadi, kama yanayotoka Ziwa Magadi na Ziwa Natron, yana kaboneti ya sodiamu yenye ubesi mkali unaounguza macho na njia ya hewa, na kwenye alumini hula metali yenyewe. Bei yake ndogo isimshawishi mtu.

Plastiki, magunzi na vifuu

Chembe za plastiki ngumu iliyosagwa zilishika kasi miaka ya 1980 katika kuondoa rangi kwenye ndege za jeshi la Marekani, ambazo ngozi yake ni alumini nyembamba. Hupulizwa kwa presha ndogo, PSI (kipimo cha presha ya hewa) 20 hadi 40, huchekechwa na kutumiwa tena mara kadhaa, na haziachi ubesi wowote. Kwangu mimi hizi ndizo bora kuliko zote kwa bati pana lenye rangi tu, na kinachozikwamisha ni upatikanaji, kwani kwa kawaida huagizwa kutoka nje na mfuko mmoja ni ghali. Gereji yenye chumba kilichofungwa, inayoweza kuzikusanya sakafuni, itarudisha gharama. Inayofanyia kazi uwanjani itakuwa inazitupa fedha kwenye upepo.

Magunzi ya mahindi yaliyosagwa na vifuu vya nazi hufanya kazi ya namna hiyo, polepole zaidi. Malighafi imejaa huku kwetu, lakini lazima ikauke kabisa, isagwe na ichekechwe kwa ukubwa mmoja, vinginevyo itaziba nozeli kila dakika. Kumbuka pia kwamba vumbi la mimea likijaa kwenye chumba kilichofungwa linaweza kulipuka kwa cheche moja.

Ganeti, kioo na oksidi ya alumini

Kwa kutu, ganeti ndilo chaguo langu la kwanza. Ni jiwe la jamii ileile inayochimbwa kama kito katika bonde la Umba, kaskazini mwa Tanzania, ingawa linalosagwa kwa kazi hii huja zaidi kutoka nchi nyingine, kama Australia. Lina silika ya fuwele kidogo sana, hukata haraka, vumbi lake ni dogo, na hutumika tena mara tatu au zaidi likichekechwa. Meshi 80 hung'oa kutu kwenye vishimo na kuacha mkwaruzo ambao praima inaushika vizuri.

Kioo kilichosagwa kinafuata kwa karibu: ni chepesi kuliko ganeti, na silika yake si ya fuwele, ingawa vumbi lake bado linadai kinga. Oksidi ya alumini inafaa kwenye kabati dogo la vipuri au kwa doa moja la kutu. Kwa kuwa ni ngumu na ghali, kuipuliza gari zima ni kutafuta hasara mbili kwa pamoja. Mabaki meusi ya kuyeyushia shaba, yanayotumiwa kwenye meli, ni ya chasisi na si ya bodi.

Presha, nozeli na mkono

Uchaguzi mzuri wa chembe huharibiwa na presha ya kukimbizana na muda. Kwa bati la bodi anza na PSI 30, upande taratibu, na usivuke 60. Nozeli ikae sentimita 30 hadi 50 kutoka kwenye bati, ielekezwe kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45 ili chembe ziingie chini ya ukingo wa rangi na kuibandua. Ikielekezwa moja kwa moja, nguvu yote huishia kwenye kulitanua bati. Mkono usisimame mahali pamoja hata kidogo.

Kabla ya kununua chembe, hakikisha kompresa inazimudu. Nozeli ya milimita 3 kwa PSI 45 hula karibu lita 300 za hewa kwa dakika, na ya milimita 6 kwa PSI 100 hukaribia lita 2,300. Kompresa ndogo ya kupulizia rangi itaimudu ile ya kwanza kwa shida na haitaikaribia ya pili. Katika hewa ya pwani, chujio la maji karibu na tangi si anasa, kwa kuwa unyevu huigandisha soda ndani ya hozi na kuianzishia kutu bati lililotoka kusafishwa.

Anayeshika nozeli avae kofia inayoletewa hewa safi kutoka nje ya eneo la vumbi. Hewa hiyo isitoke kwenye kompresa ya kawaida yenye oili bila kichujio maalumu, kwani huweza kubeba hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Rangi za magari ya zamani mara nyingi zina madini yenye sumu ya risasi, hivyo mabaki yafagiliwe yakiwa yameloweshwa na kufungwa kwenye mifuko. Sheria za usalama na afya kazini, ya mwaka 2003 kwa Tanzania na ya mwaka 2007 kwa Kenya, zinamtaka mwajiri kutoa vifaa hivi.

Bati likishakuwa tupu

Chuma kilichopigwa ganeti kina uso mpana uliojaa mikwaruzo, nacho hushika kutu upesi kuliko bati laini. Dar es Salaam au Zanzibar, hasa msimu wa mvua, rangi ya chungwa inaweza kujitokeza kabla ya siku kwisha, kwa hiyo piga asubuhi, upulizie hewa kavu kwenye kila mkunjo huku ukigongagonga mlango kwa nyundo ya mpira ili chembe zilizojificha zidondoke, na upake praima ya epoksi ndani ya saa nne. Usiliguse bati kwa mkono mtupu, maana jasho lina chumvi. Ikiwa gari zima haliwezi kumalizwa kwa siku moja, gawanya kazi: leo milango na buti, kesho madigadi, na boneti na paa, ambavyo ndivyo rahisi kupinda, vije mwisho, mkono ukiwa umekwisha kuizoea chembe uliyoichagua.